Siri ya Mama Mbele ya Dirisha la Dawa

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mama waliokuja kupima mimba na kupima kilo ya watoto, Kamina. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa.)

Yule anayelia mpe ziwa, usione haya, nitasema kwa sauti.

Leo sitasema juu ya uji wala juu ya chandarua. Hayo mmekwisha kuyasikia, na wengine kati yenu mnaweza kuyafundisha kunipita mimi. Leo nataka tuzungumze juu ya dirisha. Mnalijua dirisha lile mnapopokea dawa. Kila hospitali inalo, kila kituo cha afya kinalo, na kila farmasi ya mjini, kutoka gare mpaka sokoni, ina meza yake ambayo ni kama dirisha. Mbele yako kuna mtu mwenye kutoa dawa. Nyuma yako kuna watu kumi na tano katika mlolongo, na kati yao yuko jirani yako, yuko bibi ya ndugu ya bwana wako, yuko yule mama unayeimba naye katika kwaya.

Mtu wa dawa anakuuliza neno. Ni lazima akuulize. Na wewe unaogopa kujibu. Basi hapo shida inaanza.

Nitawaambia kosa langu mwenyewe. Imepita miaka zaidi ya ishirini. Nilikuwa bado msichana wa shule ya uuguzi, nikatumwa kufanya staji katika hospitali moja, si hapa. Siku moja waliniweka dirishani. Nilikuwa na furaha sana, bluzi yangu nyeupe, kalamu mfukoni. Akaja mama mmoja na ordonansi yake. Nikasoma, nikaona dawa za kifua kikuu. Nilitaka kufanya kazi vizuri kama tulivyofundishwa: mwambie mgonjwa dawa ni ya nini, aimeze namna gani, asiache mbele ya wakati. Basi nikamwambia. Lakini nilimwambia kwa sauti ya mtu anayeuza samaki: “Mama, hii dawa ya TB utakunywa asubui mbele ya kula, miezi sita, usiache hata siku moja!”

Kila neno lilikuwa la kweli. Yule mama hakuinua macho. Alichukua dawa zake, akaenda, na hakurudi tena. Mwezi uliofuata mstari wake katika kitabu ulikuwa mtupu. Walituma mtu nyumbani kwake. Majirani walikuwa wamekwisha kukataa hata kumwazima sufuria, naye alikuwa ameondoka kwenda kwa ndugu zake, hawakujua kijiji gani. Na mnajua, kifua kikuu kisichomalizwa kinarudi na nguvu, na dawa za kwanza zinaweza kukishindwa.

Nilifundisha vizuri na nilimpoteza mgonjwa. Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya sauti.

Sasa sikilizeni. Kuficha siri ya mgonjwa si adabu tu, wala si wema wa muuguzi mwenye moyo mzuri. Ni sheria ya inchi yetu. Katika kitabu cha sheria za makosa ya Kongo, ile wanayoita Code pénal, iko sheria ya 73. Inasema kwamba mtu yeyote ambaye kwa kazi yake anawekewa siri za watu, akizitoa bure, anaweza kufungwa tangu mwezi mmoja mpaka miezi sita, ao kulipa faini, ao yote mawili. Siri za wagonjwa zimo ndani yake. Haimgusi daktari peke yake. Mwenye kuzalisha yumo, mwenye kutoa dawa yumo. Iko milango miwili tu ya kusema: kama tribinali inamwita kushuhudia, ao kama sheria yenyewe inaamuru. Kwa mfano kolera ikitokea Bukama ao Kinkondja, muuguzi ni lazima ajulishe zone de santé, maana kolera haingoji mtu. Lakini kujulisha zone si kutangaza sokoni.

Katiba ya mwaka 2006 nayo, katika kipande cha 31, inalinda maisha ya mtu ya ndani. Kisha iko sheria ya mwezi wa saba mwaka 2008, iliyowekwa kwa kulinda haki za watu wenye virusi vya Sida, nayo inakaza sana juu ya siri. Sisi wauguzi tuna jambo la zamani zaidi. Katika shule nyingi za uuguzi mwanafunzi anasimama na taa ao mshumaa mkononi, anatamka ahadi iliyopewa jina la Florence Nightingale. Ahadi ile iliandikwa Marekani, mjini Detroit, mwaka 1893, na ndani yake muuguzi anaahidi kulinda siri za wagonjwa na za nyumba zao. Wanafunzi wangu wanaikariri bila kukosa hata neno moja. Kuitimiza dirishani, saa sita, na watu hamsini wanangoja, ni shida zaidi ya kuikariri.

Lakini nimeona pia kosa la upande mwingine, na linanikasirisha. Mama anauliza, “Hii dawa njo ya nini?” Mtu wa dawa anamjibu, “Ile njo siri ya kazi.” Hapana! Siri ni ya nani? Ni ya mama mwenyewe. Sheria inamkataza mtu wa dawa kumwambia jirani. Haimkatazi kukuambia wewe. Mwili ni wako, na dawa inaingia tumboni mwako. Hata kule Marekani, walipoweka sheria kubwa ya siri za wagonjwa mwaka 1996, watu wengi waliielewa vibaya. Walifikiri mfarmasi hawezi tena kusema na mgonjwa, ao kumpigia daktari simu juu ya dawa zake. Sheria ile haikusema hivyo. Mazungumzo ya kumponya mgonjwa yanaruhusiwa. Wanaombwa kuangalia tu: punguza sauti, sogea pembeni, usiseme neno zaidi ya lile linalohitajika. Hayo hata sisi tunaweza, hayaombi feza.

Basi kwa nini mtu wa dawa anakuuliza maneno ya ndani? Wengine mnafikiri ni ujuzi wa bure, anataka masengenyo ya kupeleka nyumbani. Wako wa namna hiyo, sikatai. Lakini dawa zinapigana, mama zangu. Dawa mbili, kila moja nzuri, zikikutana katika mwili mmoja zinaweza kuleta hatari.

Chukua dawa ya kuzuia malaria katika mimba, ile ya vidonge vitatu mnayomeza mbele ya muuguzi tangu mwezi wa ine. Wengi mnaiita Fansidar. Ni dawa nzuri, inamlinda mama na mtoto. Lakini wako mama wanaomeza kila siku kotrimoksazoli, wengine wanaiita Baktrimu, kwa sababu wana virusi vya Sida. Mama huyo haifai apewe Fansidar. Dawa hizo mbili ni za jamaa moja, na zikikutana zinaweza kuunguza ngozi vibaya sana, hata kuhatarisha maisha. Tena ile Baktrimu ya kila siku inamsaidia yeye kwa malaria pia. Sasa fikiri: mama anasimama katika mstari na wenzake ishirini, kikombe cha maji kinapitishwa, kila mmoja anameza vidonge vitatu. Yeye peke yake akikataa, wote watauliza kwa nini. Basi anameza kwa kuogopa macho ya watu. Mnaona? Siri isiyolindwa inaweza kumwingiza mama katika hatari kama sumu.

Mfano mwingine. Mama mwenye mimba anapewa vidonge vya chuma, fer, vya kuongeza damu. Mama mwenye virusi vya Sida anameza kila siku kidonge kimoja ambacho ndani yake mna dolutegraviri. Akivimeza pamoja na tumbo tupu, chuma kinaishika ile dawa, haiingii vizuri katika damu. Akivimeza pamoja na chakula, inaenda sawa. Ao ameze ile ya Sida kwanza, saa mbili zipite, ndipo chuma. Ni neno dogo kabisa, linasemwa kwa nukta moja. Lakini nani atamwambia, kama mwenye kumpa chuma hajui kwamba anameza ile nyingine?

Na mwenye kijiti cha kupanga uzazi mkononi, ao mwenye kumeza vidonge vya uzazi. Akianza dawa za kifua kikuu, ile nyekundu inayogeuza mkojo kuwa kama fanta, nguvu ya kijiti na ya vidonge inapunguka. Anaweza kupata mimba akifikiri amejikinga. Anahitaji kuongeza njia nyingine. Ni lazima aseme, “Niko na kijiti.” Lakini bwana yake hajui habari ya kijiti, na shemeji yake amekaa pale kwenye banki, anasikiliza.

Hata dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila mahali kama karanga. Mwenye mimba asizimeze kwa kujitafutia, na kuanzia miezi mitano zinaweza kudhuru figo za mtoto tumboni, na karibu na kuzaa zinadhuru moyo wake. Na tetrasiklini, ile ya rangi mbili, inaharibu meno ya mtoto. Ukiwa na mimba changa isiyoonekana bado, na hutaki watu wajue, mwenye kuuza atajuaje? Atakupa tu, utalipa franga zako, utaondoka.

Sasa tufanye nini? Nawapa maneno ambayo unaweza kusema bila aibu. Ukifika dirishani na una jambo, sema: “Niko na neno ya pembeni.” Basi. Usieleze zaidi. Mwenye kazi anayefahamu atakuita kando, ao atatoka nje kwako. Asipofahamu, ngoja, mwombe mara ya pili kwa upole. Akikataa kabisa, rudi kwa muuguzi aliyekupima, umwambie. Unaweza pia kumwonyesha fishi yako kwa kidole bila kutamka. Muuguzi anasoma, hana lazima ya kusikia. Mimi nawafundisha wanafunzi wangu wageuze fishi uso chini mezani, waulize kwa maneno mafupi: “Kuna dawa ingine unakunywa? Onyesha.” Na lile neno la “Uko na mimba?” waliulize kila mwanamke wa umri wa kuzaa, mmoja mmoja, kwa sauti ileile, kusudi asionekane mmoja peke yake.

Jambo moja nawaomba sana. Najua wengine wenu mnatoa vidonge katika chupa yake na kuvitia katika chupa ya vitamini, ao kuvifunga katika kitambaa, kusudi mtu wa nyumbani asisome jina. Ninaelewa kwa nini, siwahukumu. Lakini ni hatari. Mtoto anaweza kuvila akifikiri ni vitamini. Na siku ukianguka umezimia, muuguzi atafungua kitambaa na kukuta vidonge vyeupe visivyo na jina. Kama ni lazima uvifiche, mwombe muuguzi akuandikie jina la dawa katika karatasi ndogo, uikunje, uiweke pamoja na fishi yako ya mimba. Na chupa iwe mahali pa juu.

Sasa tufike kwa bwana. Ninaona mnacheka. Bwana anakuja farmasi, anauliza, “Bibi yangu alikuya kutwala dawa gani hapa?” Mtu wa dawa haifai amjibu. Amwambie kwa heshima, “Baba, umuulize mama mwenyewe.” Wanaume wengine wanakasirika, wanasema nilitoa mahari, nina haki. Mahari haikununua fishi. Na juu ya kupanga uzazi, sheria ya afya ya tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018 imesema wazi. Kama njia ni ile ya kudumu, ya kufunga kabisa, watu waliooana kwa sheria wanatakiwa kukubaliana wote wawili. Kama ni njia inayoweza kuachwa, kama vidonge, sindano ao kijiti, na wawili hawapatani, basi neno la yule mwenye kuitumia ndilo linalosimama. Mimi nashauri kwanza usemezane na bwana wako, nyumba ni bora ikiwa na mapatano. Lakini mashauri yangu ni mashauri, na sheria ni sheria. Na juu ya virusi vya Sida, usibaki peke yako na mzigo ule. Waganga wanaweza kukusaidia umwambie bwana wako wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, siku uliyojitayarisha. Hiyo ni mbali sana na yeye kusikia kutoka kwa muuza dawa.

Labda mtasema, siri ikilindwa sana, mabaya yatajulikana namna gani? Nitawapa habari ya kweli ya hapa Kongo. Katika Ituri, tangu mwisho wa mwaka 2014 mpaka mwezi wa nane mwaka 2015, watu zaidi ya elfu moja walifika katika vituo vya afya wakiwa wamepotoka shingo na uso, macho yameelekea juu, ulimi unatoka, hawawezi kumeza. Wengi walikuwa watoto wadogo. Kwanza waganga walifikiri ni meninjiti. Wengine wanasema, kama kawaida yetu, ni uchawi. Baadaye walipima damu na mkojo na zile dawa watu walizomeza. Ilikuwa ni vidonge vya rangi ya manjano, vikiuzwa kwa jina la diazepamu, lakini ndani mlikuwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, tena nyingi. OMS ilitoa onyo kwa inchi zote mwaka 2015. Wako waliokufa.

Dawa ile ilijulikana kwa sababu watu waliulizwa, “Ulimeza nini? Ulinunua wapi?” nao wakajibu, na kuonyesha vidonge vilivyobaki. Mama anayeogopa kwamba ataaibishwa angesema, “Sikumeza kitu.” Basi dawa mbaya ikikupata, ngozi ikavimba, uso ukapotoka, mtoto akalala asiamke vizuri, usitupe vidonge. Vilete, pamoja na karatasi ao chupa yake. Muuguzi anajaza hati ya kutuma kwa wakubwa wa mambo ya dawa, na hati ile inauliza umri, dawa na dalili. Haina haja ya jina lako zima. Kilio cha dawa kinatoka, jina la mama linabaki ndani.

Neno juu ya simu, kisha mtauliza. Siku hizi mtu anapiga picha ordonansi, anaituma kwa ndugu aliye Lubumbashi amnunulie dawa na kuipakia katika treni. Ni sawa kama ordonansi ni yako na ndugu ni wa kuaminika. Lakini muuguzi asipige picha fishi yako na kuituma katika kundi la WhatsApp, hata kama anataka tu kuuliza wenzake mashauri. Aandike ugonjwa na umri, jina alikate. Tangu mwaka 2023 inchi ina sheria yake juu ya habari za watu katika simu na mashini.

Maulizo.

Mama mmoja ameuliza: kama siri yangu imekwisha kutoka, niende wapi? Mama, anza na mkubwa wa kituo, titulaire. Umwambie siku, saa, na neno lililosemwa. Kama hakusikilizi, iko komite ya aire de santé, CODESA, ambayo watu wake ni wa mitaa yetu, na iko ofisi ya zone de santé na daktari mkubwa wake. Nyuma ya hao iko parke, kwa sababu ya ile sheria ya 73. Najua kwenda parke ni safari ya feza na ya moyo. Lakini titulaire akijua kwamba mama anajua namba ya sheria, kwa kawaida anasikiliza mapema.

Mwingine ameuliza: mama mkwe wangu ndiye analipa, je, hana haki ya kujua? Alipe, na umshukuru sana, umpe na risiti. Risiti ionyeshe feza. Muuguzi asiandike juu yake jina la ugonjwa, na hapo tutaongea na watu wa kesi.

Na yule kijana wa nyuma aliyebeba mtoto, karibu baba, umefanya vema kuja. Unauliza kama unaweza kutumwa na bibi yako kuchukua dawa zake. Ndiyo, kama amekutuma mwenyewe na fishi iko mkononi mwako. Lakini maonyo ya dawa, yale ya kumeza na chakula ao bila chakula, ni afadhali ayasikie mwenyewe angalau mara ya kwanza. Mwambie apite siku ya kupima mimba, aombe neno la pembeni.

Haya, vueni watoto nguo, kilo inaanza. Wenye namba moja mpaka kumi, huku.